Alama ya Mguu Usiouma

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Garissa, joto likinibembeleza nilale, nilipomsikia mzee mmoja wa Kisomali, mfugaji wa ngamia, akibishana na daktari kijana. Mzee aliwekewa nyonga ya chuma Nairobi miaka saba iliyopita.

"Inauma, mzee?"

"Haiumi."

"Basi rudi nyumbani. Ikiuma, njoo."

Mzee akamshika mkono, akamtoa taratibu hadi uani. Akatembea hatua kumi mchangani, kisha akazionyesha kwa fimbo.

"Ngamia mgonjwa mimi najua kwa alama. Ona, mguu ya kulia naburuta mchanga. Mwaka jana haikuwa hivi. Wallahi, daktari, biga bicha."

Daktari alicheka, lakini akampiga picha ya eksirei. Aliishikilia picha dirishani kwa muda mrefu, na kicheko kikamwisha. Chuma kilikuwa kimeanza kulegea, kimyakimya.

Wapo wanaouliza kupimwa kila mwaka kuna faida gani ikiwa nyonga haisumbui. Mzee huyo hupimwa na mchanga wa mtaa wake wa Iftin kila alfajiri aendapo msikitini. Mimi nilipotoka niligeuka kutazama nyayo zangu. Lami haikuwa imeandika kitu.