Mti Ulipojibu

Mimi Carolyne nitamtetea Kawira popote, hata mkiniita mdomo. Tunaishi naye chumba kimoja huku Muaither, Doha. Yeye ni muuguzi wa wagonjwa wa figo. Wakimfokea kwa Kiarabu, huwatuliza kwa Kiarabu chake cha kuokotaokota, na akirudi huvua viatu, akajilaza kwanza. Raha yake ni moja: Ijumaa tukitoka kanisani, Wakenya kadhaa tunakutana kwa Rodney kule Al Wukair, tunapika, kisha tunasomeana mashairi. Tunafuata desturi ya malenga wetu: ukitungiwa, una haki ya kujibu, na hakuna wa kukukatiza.

Sasa Kioko. Ni dereva wa hoteli Lusail, kijana mpole, msafi, sina ubaya naye. Shida ni kwamba akingoja wageni kwenye gari alijisomea kwa simu habari za washairi wa Italia wa enzi ya Mwamko, miaka ile Ulaya ilipofufua hadithi za Wagiriki wa kale. Moja ikamwingia. Mungu wa jua alimpenda binti wa mungu wa mto, binti akatimua mbio, na alipokaribia kushikwa akamlilia babake, akageuzwa mti. Mungu akakata matawi yake, akajivika kichwani! Basi washairi wale wakajiona ndio yule mungu, wakawalilia maisha yao yote wanawake wasiowataka, na dunia ikawasifu.

Kioko naye akapata mti wake: Kawira. Kila Ijumaa beti mpya. Oh, gome lako gumu. Oh, majani yako hayasikii. Watu vigelegele, halafu wanamfuata Kawira jikoni. "Si umhurumie? Utaua mtoto wa wenyewe!" Kawira alimwita Kioko pembeni, akamwambia amechoka. Wacha! Ijumaa iliyofuata, uchovu huo ukawa ubeti.

Kawira akaanza kubaki nyumbani. Siku yake pekee ya raha, anafua sare na kutazama ukuta. Iliniuma, nikawaka.

"Kwani haki yako ya kujibu umempa nani?" nikamuuliza.

"Nikijibu watanichukia, Caro. Hapa Doha sina watu wengine."

"Basi jibu vizuri!"

Akacheka kidogo. Wiki hiyo nilimsikia akihesabu mizani bafuni.

Ijumaa ikafika. Kioko akamaliza ubeti wake, mkono kifuani, makofi yakapigwa. Kawira akasimama, bado amevaa aproni ya Rodney. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini, tulivu kabisa.

*Umenilia miaka, wala hukuniuliza,*
*Nikikwambia nachoka, wanena nakuumiza,*
*Leo nimeshatamka, hebu sikio tuliza,*
*Si mti, nakueleza: mimi mtu, na sitaki.*

Wale waliokuwa wakimfuata jikoni wakaanza kutazama sahani zao. Rodney akakohoa, akataka kuleta mzaha, nikamkata jicho akaacha.

Kioko alibaki amesimama na simu mkononi. Nilidhani atatoka kwa hasira. Akasema polepole, "Ni kweli. Sijawahi kukuuliza."

"Hata siku moja," Kawira akamjibu.

"Nilijua jibu. Nikaona heri niendelee kutunga."

Hapo hata mimi moyo ulinilegea kidogo, nakiri. Akaweka simu mezani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Kawira, unanipenda?"

"Hapana, Kioko. Pole."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akalia kimya kimya, na hakuna aliyepiga makofi. Swali la maneno mawili tu, na mwanamume alikuwa amezunguka hadi Ugiriki kulikwepa.