Profesa mwenye alimusifu yaya ni mimi

Admin, ficha jina langu kabisa. Batu ba hii page, niko na miaka makumi mbili na tatu, niko Butembo, masomo niliachia quatrième ya sekondari, lakini ma-docteurs ba huku bananipigia magoti. Hapana bongo, sisemi uongo. Niko na bureautique pembeni ya soko, ordinateur mbili na imprimante moja yenye kukohoa. Mutu akimaliza doctorat anatafuta post-doctorat, ile kazi ya utafiti kwa laboratoire za inje, anakuja kwangu. Namutafutia nafasi kwa internet: fizikia, kemia, wadudu, hata mawe. Barua ya motivation ni moja tu, nabadilisha kichwa. Cheka tu. Batatu balishaitwa.

Wa ine alikuwa yaya wangu, dada mukubwa wa tumbo moja. Ni docteur wa samaki, alizoea kupima tilapia kule Kyavinyonge, kwa ziwa. Nafasi za samaki zote zilimukatalia. Nikamuonyesha moja ya popo ba pori, upande wa Mangina. Akasema hajagusa popo hata siku moja. Nikamwambia mais yaya, nyama ni nyama.

Formulaire iliomba profesa mwenye anamujua. Profesa wake alikuwa anatuzungusha mwezi muzima. Donc nikafungua adresse ya email kwa jina lake, nikaandika mimi mwenyewe: huyu mama anajua ile pori sawa lupango, kiwanja cha kwao, na iko guide wa kuaminika kule mwenye atamuongoza. Guide nikamupatia hata jina. Yaya sikumwambia. Juma moja tu, bakamukubali. Mama akachinja kuku. Yaya akanishika mabega: "Mudogo wangu, bila wewe ningezeeka na karatasi zangu."

Kiisha laboratoire ikaandikia "Profesa": mbele ya kumutuma kwa terrain, kule pori, njia iko salama? Siku ile bamotards, bale banabeba batu na pikipiki, balikuwa banasema batu banahama kule juu ya vita. Mimi mwenyewe sijavuka hata Beni, yenye iko kwa njia. Lakini kuitwa Monsieur le Professeur ni kutamu, na nikisema hapana, nafasi inaenda kwa mwingine. Nikajibu njia iko calme.

Yaya alipanda moto ya motard siku ya kwanza ya juma. Leo ni siku ya tano, simu yake haipiti tangu jioni ya siku alipofika Mangina. Laboratoire inaomba Profesa awapatie namba ya guide. Mama ananiuliza kila saa kama yaya amepiga, ninainama kwa clavier ya ordinateur.

Munishauri leo, musingoje kesho: nianzie kwa mama, ao kwa laboratoire? Juu ile guide hakuko. Nilimuumba mimi. Na siku ile alipofika, yaya alinipigia mara moja toka Mangina, sauti ya chini, akasema: "Hapa hakuna mutu anamujua ule guide. Nirudi?"

Nikamwambia: "Songa tu, anakungojea mbele."