Kaka Alipopigwa Msasa

Kaka yangu ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba yetu. Sisi wengine tulibaki Kebirigo tukichuma majani chai. Yeye alisomea mitambo ya mawasiliano, akaajiriwa serikalini Nairobi. Miaka michache iliyopita alitupigia simu kutuambia kwamba amependekezwa kuhamia kitengo kinachoshughulikia mawasiliano ya siri. Kilichobaki ni kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa maisha yake yote.

"Watauliza kila kitu," alisema. "Wanaweza hata kufika nyumbani."

"Waje," mama akajibu. "Sisi hatujaiba ng'ombe wa mtu."

Walikuja asubuhi ya mvua, mwanamume na mwanamke, viatu vimejaa matope. Mama aliwakaribisha kwa Kiswahili chake cha kanisani, nami nikawamiminia chai. Waliuliza juu ya shule, marafiki, mashamba. Kisha yule mwanamke akauliza kama kaka amewahi kutumia dawa za kulevya.

"Bangi alivuta," mama alisema bila kusita. "Wakati alikuwa chuo. Walimfukuza kwa bweni. Nikafunga, nikaomba, akaacha kabisa. Saa hii hata sigara hagusi. Mungu ni mkubwa!"

Alisema kwa furaha, kama anayetoa ushuhuda mbele ya waumini. Wageni walitazamana. Mwanamume akamwomba arudie polepole, naye akarudia.

Jioni mama alimpigia kaka kumweleza jinsi mambo yalivyokwenda vizuri, hata ule ushuhuda wa bangi. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mama, mimi niliwaambia sijawahi kuigusa."

"Kwa nini uliwaambia hivyo, na uliacha?"

Kaka akakata simu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na yeye mwenyewe tulipokutana Keumbu, tumekaa kando ya barabara na mahindi ya kuchoma ambayo hakuyala. Walikuwa wamemwita tena, wakamuuliza swali lilelile. Aliogopa kubadilisha maneno yake. Akawaambia mama amezeeka, anachanganya mambo.

"Ulisema hivyo juu ya mama?"

"Nilisema." Alikuwa akitazama malori. "Afisa akaniambia bangi ya ujanani wangeweza kuielewa, kwa kuwa niliacha. Akasema, 'Tulikupa nafasi ya pili, ukaona heri mama yako aonekane amechanganyikiwa. Siri za watu tutakuachiaje?'"

Kazi ile hakuipata. Alibaki katika ofisi yake ya zamani, lakini wenzake walijua, na wakubwa wakaacha kumpa kazi za maana. Ndipo alipoanza kunywa, mtu ambaye hakuwa akinywa.

Mama alijilaumu. Alikuwa akiniuliza, mikono ikiwa kwenye unga, kama ingekuwa afadhali angedanganya. Kaka alipokuja Krismasi, amelewa tangu asubuhi, alimweleza mwenyewe lile alilowaambia maafisa juu yake. Nadhani alitaka agombezwe. Mama hakumgombeza. Aliketi, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo huko Nairobi wanajua mimi ni mwendawazimu?"

Kaka alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa mabati, mvua ikinyesha.

Siku hizi huja mara chache. Yeye na mama wanaongea juu ya bei ya majani chai na ng'ombe aliyezaa, kwa adabu sana, kama watu wawili wasiojuana waliokutana hospitalini.