Jina la Tatu

Karani wa Bunge pale Filadelfia, mji mkuu wa wakati ule, alikuwa na mazoea yake: kupasha vidole motoni, kufuta miwani kwa upindo wa koti, kisha kusoma kila karatasi kwa sauti ile ile kavu, iwe sheria ya kodi au salamu za rais. Bawabu Obadia Fenn, aliyelinda mlango miaka sita, hakuwahi kujua huyu bwana anapenda nini wala anachukia nini. Asubuhi moja ya Januari ikaletwa barua ya watu weusi wanne walioachwa huru, wakiomba walindwe wasikamatwe na kuuzwa tena. Karani alipofika jina la tatu, mjumbe mmoja wa majimbo ya kusini yenye watumwa akagonga meza.

"Yaruke hayo, bwana karani! Hata kuandika hawajui, wamechora misalaba tu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Obadia alijua barua itaanguka kwenye kura; minong'ono ya wajumbe ilikwisha kumfikia mlangoni. Karani akangoja kicheko kiishe.

"Niwie radhi, mheshimiwa. Umenikatiza, nami nimepoteza mstari."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya jina la tatu, Obadia alikiona. Kikapanda polepole hadi la kwanza, naye akaanza upya.