Swali la Karani wa Hakimiliki

Karani wa hakimiliki, ambaye meza yake inatazamana na yangu, hana haraka na mtu. Akiletewa kazi huvua miwani, huisogeza karatasi hadi puani, kisha huuliza swali lake lilelile, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu: “Hapa ulihangaika wapi?” Walioiachia kompyuta kila kitu hubaki wamekodoa macho.

Leo mchora vitambaa mmoja aliingia roho mkononi, akakiri hata kabla hajaketi kwamba mandhari ya nyuma ya mchoro wake imetengenezwa na akili mnemba. “Ndiyo nimeshakosa, kaka?” Kidole cha karani chenye wino kilikuwa kimetua juu ya ua. “Na hili, dada, mbona limeinama?”

“Hilo nimelichora mwenyewe, nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilitaka liiname kama shingo ya mwanangu akisinzia.”

Karani akavaa miwani. “Mandhari tutaiacha, haina mwenyewe. Maua ni yako, tunayasajili. Atakayeyaiba atatukuta hapa.” Mama wa watu alipotoka akifuta machozi, karani, akidhani simwoni, aliinamisha shingo yake taratibu, akalijaribu lile ua.