Pweza Ukutani kwa Nyambeki

Nyambeki hakuwahi kuiona bahari, wala hakuwa na haraka ya kuiona. Alizaliwa Kisii, akaolewa, akaja Kericho kuchuma majani ya chai, na huko mumewe akafariki na kumwachia binti, Nyanchama, akiwa bado anatambaa. Maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya mvua ya alasiri, ile inayoshuka Kericho kila siku kana kwamba nayo imeajiriwa na kampuni.

Sasa pweza aliingiaje nyumbani kwake? Aliingia kwa sinema. Miaka hiyo ya tisini, Jumapili moja moja, mashine ya sinema ililetwa katika ukumbi wa wafanyakazi. Madirisha yalizibwa kwa magunia, watu wakabanana kwenye mabenchi, giza likaingia mchana kweupe. Jumapili moja filamu kubwa ilikuwa ya pweza mkubwa kama kiwanda, aliyezamisha meli na kuwanyonga mabaharia. Watu walipiga mayowe, na Jumatatu yake hakukuwa na hadithi nyingine shambani.

Jitu hilo halikumkaa Nyambeki akilini. Yeye alikuwa amechukuliwa na filamu fupi iliyotangulia, ambayo wenzake waliitumia kutafuta mahali pa kukaa. Humo aliona ngisi wakipita makundi kwa makundi, wepesi, wakimwaga wino mweusi na kupotea. Kisha akaona pweza mmoja, jike, amejikunja ndani ya pango, mayai yake yakining'inia juu kama shanga. Alikuwa akiyapapasa kwa mikono yake minane na kuyapulizia maji, huku mwili wake ukigeuka rangi taratibu, kahawia, kisha waridi, kisha rangi isiyo na jina. Joab, mwendesha mashine, ambaye aliwahi kufanya kazi Mombasa, alikuwa akitafsiri maneno ya Kizungu. Nyambeki alisikiliza mpaka mwisho, akalia kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani.

Tangu siku hiyo pweza alihamia usingizini mwake. Aliota ukungu wa asubuhi umegeuka maji, naye anaelea juu ya michai bila kulowa, ana mikono minane, kila mkono unachuma majani mawili na kichipukizi, na karani anapima kikapu baada ya kikapu mpaka anaomba kupumzika. Ndoto tamu hiyo, na mchuma chai gani angeikataa? Asubuhi alichuma macho yakiwa mbali, mpaka msimamizi akamuuliza kama amelala. Hakuwa amelala, alikuwa baharini.

Mwishowe akaamua kumshona kwa uzi kwenye kitambaa. Vitambaa vya Nyambeki vilijulikana katika nyumba zote za kampuni. Aliwashonea watu mawaridi na bata maji na maneno ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", naye alikuwa amechoka na mawaridi kuliko alivyothubutu kusema. Hiki alijishonea mwenyewe, jioni baada ya jioni, akifumua na kurudia mpaka mikono ya pweza ikaonekana inacheza. Alipokitundika ukutani, jirani mmoja alisema ni kisiki cha mchai kilichong'olewa na mizizi yake. Mwingine akasema hapana, ni malenge yanayotambaa. Nyambeki alicheka, akawaachia wote ushindi.

Kisha Kipkemboi, kijana wa Kabianga, akampenda Nyanchama, ambaye sasa alikuwa msichana mzima, na ikapangwa siku ya watu wake kuja kuposa. Walikuwa watu wa kanisa hasa. Nao ulikuwa mwaka ambao kila mhubiri alizungumzia waabudu shetani na alama zao, mpaka watu wakaogopa hata bangili. Nyanchama alimsihi mama yake akiondoe kitambaa, kwa siku hiyo tu. Alijua kwamba posa ikivunjika, itavunjikia pale ukutani.

Nyambeki alikitoa. Akautazama ukuta mtupu. Ukuta ulikuwa wa kampuni, kitanda cha kampuni, hata mti wa pale nje ulikuwa wa kampuni. Kitu kimoja tu kilitoka kichwani mwake mwenyewe. Alikirudisha, na Nyanchama akaenda jikoni kulia.

Wageni walifika, wakaomba Mungu, wakanywa chai. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka Rodah, shangazi yake Kipkemboi, alipoinua macho na kuweka kikombe chini.

"Mama Nyanchama," akasema, "hii kitu ya mikono mingi ni nini? Isikuwe ni ile mambo tunasikia kwa kanisa."

Nyanchama alisimama mlangoni na birika mkononi, akimtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Uongo ulikuwa tayari umeiva, majirani walishampikia: ni kisiki cha mchai, basi. Nyambeki alifungua mdomo ili auseme, lakini ukamshinda.

"Ni pweza," akasema. "Mnyama wa bahari."

Rodah akauliza kama ndiye yule wa sinema, wa kuzamisha meli. Vijana wake walikuwa wamemsimulia.

"Yule ni wa kutisha watu tu. Huyu ni mama. Akishataga, hatoki tena kwa nyumba yake. Hawindi, hali. Anapulizia mayai maji usiku na mchana mpaka watoto watoke."

"Na wakitoka?"

Nyambeki alikitazama kitambaa. "Wakitoka, amemaliza. Anakufa."

Baba yake Kipkemboi alikohoa, akarudisha mazungumzo kwenye mambo ya ng'ombe na tarehe ya harusi, na posa ikaendelea. Si kwamba Rodah alishindwa. Alisema wazi kwamba hadithi ni nzuri, lakini kitambaa hicho hakitaingia nyumbani kwa kijana wao. Nyambeki akamjibu kwa upole kwamba hakukishona kiende huko.

Chakula kikaletwa. Nyambeki aliwapakulia wote, halafu akasimama kando ya mlango, akisema kama kawaida yake kwamba yeye atakula baadaye. Nyanchama alimsikia. Alikuwa ameona aibu kwa ajili ya kitambaa, na sasa aibu nyingine ilimshika, nzito zaidi. Tangu utotoni alimsikia mama yake akisema atakula baadaye, na siku zote aliamini kwamba hiyo baadaye ipo.

Alijaza sahani ugali na kuku, akaweka kigoda katikati ya wageni, akamshika mama yake mkono na kumkalisha.

"Mimi nimeshatoka, Mama," akamwambia. "Lakini wewe usikufe. Kula."

Nyambeki akala mbele ya watu wote, machozi yakimdondokea ugalini, na Rodah akamsogezea bakuli la mchuzi.