Mawe Yaliyooshwa ya Straton

Wageni wengi wafikao Gisenyi hudhani kwamba nchi yetu yote ilitemwa na volkano. Upande wa Busasamana ni kweli, kwani huko hata kuta za mashamba ni mawe meusi yaliyopoa juzijuzi. Lakini ukielekea kusini, ng'ambo ya mto Sebeya, udongo hugeuka mwekundu, na vilima vya huko vilikuwa vizee kabla volkano hazijazaliwa. Katika kilima kimojawapo, tukiitacho Rwamabuye, mshipa wa jiwe jeupe gumu, ambalo wataalamu huliita kwatzi, umekatiza mlima mzima kama mshono katika nguo nyeusi. Chini ya mshono huo alizaliwa Straton.

Zamani za Wabelgiji baba yake alikuwa mvunja mawe huko. Walichimba mtaro na pango fupi, kisha wakaondoka mwaka mmoja kabla ya uhuru, bila kumwambia mtu walichokipata. Mzee yule alisema hadi kufa kwake kwamba aliiona dhahabu kwa macho yake, ikiwa imebaki kwenye kitako cha karai baada ya mchanga kwenda na maji. Kilima kizima kilimcheka. Penye pombe ya ndizi aliulizwa mkewe atavishwa lini pete. Straton alikua akiyasikia hayo, akawa na haja moja tu maishani: siku moja mtu mwenye karatasi na muhuri aseme kwamba baba yake hakuwa mwongo.

Mwaka 2012 mtu huyo alifika. Aliitwa Igor, mjiolojia kijana wa kampuni moja ya utafiti, mpole, mwenye nyundo kiunoni. Alitaka kuchimba mitaro mipya kuukatiza mshipa, na mahali palipofaa zaidi palikuwa shamba la maharage la Kimenyi, kaka yake Languida, mke wa Straton. Kimenyi hakutaka. Straton alimwendea mara tatu, na mara ya tatu akaapa kwa kaburi la baba yake. Kimenyi akakubali kwa heshima ya kaburi, si kwa kuamini, na maharage yakang'olewa yakiwa bado yana maua.

Straton akawa mkono wa kulia wa Igor. Alijua kuutambua mshipa kwa mlio wa nyundo, maana jiwe jeupe hulia kavu na mwamba wa kawaida hunguruma. Igor alimfundisha kuchonga mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa mshipa na kutia katika mfuko kila kilichodondoka. Kisha Igor akaitwa Kigali kwa siku nne, akamwachia kazi ya kujaza mifuko iliyobaki.

Siku hizo nne ndizo zilizomponza Straton. Mawe yale yalitoka ardhini machafu, yamejaa kutu nyekundu iliyolala katika vitundu na nyufa, laini kama unga. Straton aliyatazama akaona haya. Mama yake alikuwa hampi mgeni maziwa kabla ya kukisugua kibuyu hadi kitoe harufu ya moshi safi, na mawe haya yalikuwa yaende mbali, kwa watu wakubwa, wenye neno la mwisho juu ya baba yake. Akayabeba hadi kijitoni, akayasugua moja moja kwa brashi ya majani makavu, akayaanika juu ya mkeka. Languida aliyapindua yakiwa juani akasema yamependeza kama meno ya mtoto. Yalipokauka Straton akayafunga katika mifuko yenye namba zake. Igor aliporudi aliikuta mifuko imefungwa vizuri, akamshukuru, akaipeleka.

Majibu ya maabara yalikuja miezi miwili baadaye. Dhahabu ilikuwa kidogo mno, isiyostahili hata kutajwa. Kampuni ikaondoka kabla mitaro yote haijafukiwa, na masika ya mwaka ule yaliufanya mtaro wa Kimenyi kuwa korongo. Shamba likateremka na maji. Kimenyi akaenda kubeba mizigo ya watu pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani, na alipokutana na Straton njiani alimsalimu hivi: "Mutoto wa mwenye zahabu, habari ya pete?"

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo. Mwaka 2023 akaja Iribagiza, mjiolojia aliyekulia Tanzania, akiwa na ripoti ya kampuni ile mkononi. Alimwonyesha Straton picha za sampuli zile, mawe meupe yanayong'aa, akamuuliza ni kwa nini hayakuwa na kutu hata chembe, wakati mshipa wote umejaa kutu.

"Ni mimi niliyaosha," alisema Straton. "Mutu anaweza kupa mugeni kitu ya buchafu?"

"Mzee wangu," alisema Iribagiza, "katika mshipa huu dhahabu imo ndani ya ile kutu. Uliimwaga kijitoni."

Akachukua mawe mapya, machafu kama yalivyotoka, na safari hii maabara ikajibu kwamba dhahabu ipo, tena ya kutosha. Karatasi ilikuwa na muhuri. Straton aliomba aguse ule muhuri, akaugusa.

Ilibaki ruhusa ya kupanua mtaro katika mabaki ya shamba la Kimenyi, na Iribagiza akamwomba Straton aende, kwa kuwa ni shemeji yake. Alimkuta mpakani akiwa na gunia la vitunguu mgongoni. Angeweza kuomba ruhusa tu na kunyamaza juu ya kijito. Alieleza yote. Kimenyi alimsikiliza bila kulitua gunia.

"Donc, kumbe muzee hakukuwa mwongo," alisema. "Nimemutukana bure, Mungu anisamehe. Waambie wachimbe. Lakini we, shemeji, usikanyage pale tena. Shamba yangu ulioshea wageni mara moja, inatosha."

Sasa wanachimba. Vijana wa kilima wameajiriwa wote, na jina la yule mzee hutajwa kwa heshima penye pombe. Straton haendi. Hukaa mlangoni kwake, ng'ambo ya bonde, na kila nyundo inapolia kavu humwambia Languida kwamba wamefika penye jiwe jeupe. Languida huendelea kuchambua maharage.